Kapteni na Kilomita 1,430 za Bangkok hadi Singapore

Kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Kapteni, alizaliwa tarehe 12 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa seremala na mshona nguo. Mimi, fundi saa, nilizaliwa miaka miwili baadaye, na tangu hapo nilimfuata kila mahali.

Alianza shule Januari 1958. Akiwa darasa la sita aliazima atlasi ya mwalimu, akaniita nimsaidie kupima kwa uzi wa mama. Mimi nilikandamiza Bangkok, yeye akavuta hadi Singapore. "Hii tutaruka mimi na wewe," alisema. "Kwenda nakaa dirishani mimi, kurudi wewe." Tukapeana mikono: hakuna atakayepanda ndege bila mwenzake.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika ofisi ya tiketi za ndege, akadumu humo miaka thelathini na saba. Aliandika kwa chaki ubao wa safari: umbali, na muda wa kuruka. Muda aliupata kwa kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, bila kujua kwamba Singapore iko mbele ya Bangkok kwa saa moja. Basi kilomita 1,430 zikaandikiwa saa tatu na dakika ishirini na tano, na hakuna mteja aliyemsahihisha. Wenzake walimtania kwamba ni Kapteni asiyejua hata mkanda wa kiti unafungwaje.

Tarehe 8 Desemba 1979 alimwoa shemeji yangu, muuguzi, wakajaliwa watoto wawili.

Mei 2009 aliniaga kwamba wanakwenda kuwasalimia wakwe. Aliporudi, nikakuta ubaoni saa mbili na dakika ishirini na tano.

"Mbona saa nzima imepungua?"

"Ndege za siku hizi zina mbio, mdogo wangu."

Nilimwamini. Mwaka 2016 binti yangu alitaka kunikatia tiketi nikamwone mjukuu. Nilikataa, Kapteni akiwa ameketi papo hapo. "Siwezi kupanda bila kaka," nilisema. Kapteni akakoroga chai aliyokwisha kuikoroga.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2022. Alifariki hospitalini tarehe 3 Juni 2024, saa kumi alasiri, nikiwa nimemshika mkono. Hata hapo hakusema.

Jumatano, tukitafuta picha ya kuweka kwenye ratiba hii ya mazishi, nilifungua droo yake nikakuta vipande viwili vya kadi za kupandia ndege: Bangkok kwenda Singapore, Mei 2009. Shemeji akakaa kitandani.

"Ofisi ilimpa tiketi, zawadi ya utumishi wa muda mrefu, yeye na mtu mmoja. Kila mwaka alisema, mwaka huu nitamwambia."

"Na wewe, shemeji?"

"Na mimi nikanyamaza. Yaandike yote. Usome."

Nimesoma. Nimeumia, na sitazunguka mbuyu. Kumchukua mkewe ni haki yake. Angeniambia, ningewasindikiza hadi uwanjani. Lakini aliniacha nimsubiri miaka kumi na tano kwa safari aliyokwisha kuimaliza.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja ambaye hajawahi kupanda ndege.

Mungu ampe pumziko la amani. Kaka, kwenda ulikaa dirishani wewe, kama tulivyopatana. Kurudi ilikuwa zamu yangu.