Vidole Vilivyobaki Ghalani

Assalaam alaykum, wanakikundi wenzangu. Nimeombwa niseme nilivyoanguka na nilivyosimama. Nitasema, ila jina la mtu sitalitaja. Wengine mmo humu ndani na mnajijua.

Lile ghala la zamani la korosho, pale njia ya kushukia mtoni, lilipogeuzwa kiwanda cha boti, mimi ndiye niliyekuwa mtu wa msumeno wa mashine. Vumbi la mbao linakukaba koo, na msimamizi anafoka tangu asubuhi hadi mnafunga. Kile kifuniko cha chuma kinachokinga mikono kiliponyofoka, nilimwambia. Akanijibu kama naogopa, nikapike uji na wanawake. Siku hiyohiyo ubao uliruka, mkono ukavutwa. Vidole vinne vya mkono huu wa kulia vilibaki mle ghalani.

Nikiwa bado hospitali, tajiri mwenye kiwanda akatuma mtu aniambie ni uzembe wangu, nisirudi. Ndugu zangu, nawaambia, hilo halikuniuma kama lile la wenzangu, watu niliokula nao sinia moja. Walipoulizwa habari ya kifuniko wakasema kilikuwepo. Wote. Tukikutana pale Bungu wanavuka barabara kunikwepa.

Nikakosana na kila mtu. Mke wangu akachoka, akarudi kwao Umwe. Nikawa nakaa mlangoni, hata anayenisalimia simwitikii. Mwisho nikachukua panga. Nisiwafiche, nilimkusudia msimamizi.

Asubuhi moja nalinoa, akaingia mama mkwe wangu. Mnajua adabu zetu, mkwe haingii uani kwa mkwewe hivihivi. Aliingia, akasimama mbele yangu bila salamu.

"Mwanangu nilimwoza kwako," akasema. "Sikumwoza kwa vidole. Hilo panga kama limeshapata makali, twende ukanifyekee shamba."

Nikaona haya kumkatalia. Nikamfuata. Nilifyeka kwa mkono wa kushoto, ovyo, huku nalia kwa hasira. Yeye anafyeka mbele yangu, hanigeukii. Kesho yake akaja tena kunichukua, na siku zilizofuata, mpaka tukapanda, mpaka tukapalilia. Mpunga ulipoanza kuchanua mke wangu alirudi. Mkono wa kushoto nao ulishazoea, nikajaribu kushika randa. Leo tunatengeneza mitumbwi ya mbao uani kwetu: mke wangu anashika ubao, mimi nagonga.

Mama, najua umekaa huko nyuma na hupendi kusemwa. Ahsante. Ahsanteni na ninyi wanakikundi, mlinipokea wakati sina hata sura ya kupokewa.

Mtasema nisamehe. Sijasamehe bado. Ninachowaomba ni hiki: mtu akiumia, msimwache akae peke yake na hasira zake. Mfuateni, hata kama anawafukuza.

Na wewe uliyesema kifuniko kilikuwepo, kwangu unapajua. Njoo useme kweli kwanza. Chai tutakunywa baadaye.