Wa Mwamgongo Wanakaa Mbele

"Mimi nikishaamua nimeamua, hata wakwe wanitolee macho," Rodgers alimtambia kondakta wa boti pale Kibirizi. Alikuwa anakwenda Mwamgongo kujitambulisha kwa mjomba wa mchumba wake, Dainess. Akakaa mbele, wanakokaa wanaoshukia huko.

Nyuma yake, mama mmoja wa Ujiji alimnyooshea simu mwalimu Aikande, waliyejuana naye kwenye foleni. "Mwalimu, binti yangu kaandika, 'Mama, usini-second-guess.' Hilo ni tusi gani?"

"Si tusi, mama. Ni kukosoa uamuzi wa mtu. Limetoka Marekani, kwenye mchezo wa besiboli. Refa anaamua, matokeo yanaonekana, ndipo mtazamaji anakuwa na akili."

"Basi Dainess kanionea. Mimi sijangoja matokeo. Nawahi kumwambia mjomba wake asimpokee huyo Rodgers. Kijana gani hata mama mtu hajamwona?"

"Siku hizi linatumika hata kabla ya matokeo."

"Kaliongezea nani, Wamarekani au wewe?"

Rodgers aliona upepo wa mbele umezidi, ingawa ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya ndoo. Akabeba begi lake, akahamia nyuma kwa watu wanaoendelea hadi Kagunga, ambao hawakuwa na binti anayemhusu.

Mama alikuwa bado anabishia besiboli boti ilipogusa mchanga wa Mwamgongo. Kondakta akaangaza huku na huku.

"Oya, Rodgers! Mbona umejificha na wa Kagunga? Wakwe zako si hapa?"

Injini ikazimwa. Mama akageuka, simu mkononi.

"Shikamoo, mama," akasema Rodgers.