Penseli Kumi na Mbili za Urefu Mmoja

Mgeni rasmi,

Kabla ya cheo chako tunatanguliza jina la Mola Mlezi, aliyeumba nuru na kivuli, akampa mja kalamu na vidole vya kuishikia. Yeye ndiye wa kushukuriwa kwa kukufikisha salama katika chumba hiki cha ghorofa ya pili. Baada Yake tunakutaja wewe. Baada yako msimamizi wa jengo, aliyekupandisha ngazi. Kisha mwalimu wetu, aliyeketi karibu na dirisha. Na mwisho sisi wenyewe, wanafunzi tisa, baadhi yetu wenye wajukuu, tunaoanza upya kama watoto wa chekechea.

MAKARIBISHO

Karibu sana. Tunakuomba radhi mapema kwa kadi zilizopangwa mezani. Umeziona, nasi tumeona ulivyoinamisha kichwa kuzitazama. Ni kweli: waridi ni la kijani na majani yake ni ya zambarau, katika kadi zote tisa. Karatasi nyingine ya kurudia hatukuwa nayo. Tumechanganyikiwa tangu juma lililopita, na risala hii itakueleza sababu kwa kadiri tunavyoielewa wenyewe.

HISTORIA

Darasa letu lina miaka kumi na moja. Mwalimu, ambaye sote tunamwita Mama, alilianzisha kwa karatasi nzito inayopitisha mwanga, mfano wa ngozi iliyokwanguliwa ikawa nyembamba. Huigeuza kifudifudi, akaisugua kwa kalamu ya chuma yenye kichwa cha duara, na upande wa pili mstari huvimba, mweupe kama maziwa. Miaka yote hiyo kazi ilikuwa nyeupe tupu. Mwaka huu ofisi yako iliagiza kwa barua kwamba wanaoanza waongezewe rangi, kwa penseli, ili kazi ipendeze. Mama aliomba asomewe barua hiyo. Ilipokwisha aliikunja mara nne, akasema, "Haya, tutaongeza."

MAFANIKIO

Tumejifunza kwamba rangi hupakwa mgongoni mwa karatasi, ili usoni ionekane kwa haya. Mkono uwe mwepesi, uzunguke viduara vidogo. Rangi hafifu itangulie, nzito ifuate. Kisha tone la mafuta kwenye pamba, usugue taratibu mpaka mikwaruzo ya penseli ipotee. Kuvimbisha mistari huja mwisho. Watatu kati yetu bado hupaka usoni, maana karatasi hii haisemi upi uso na upi mgongo. Mama huitambua kwa kidole, na hajapata kukosea.

CHANGAMOTO

Penseli tunazotumia ni za Mama mwenyewe, sanduku moja la kumi na mbili, alilokuwa akilitumia nyumbani kwake miaka mingi. Tulipoambiwa unakuja, mwenzetu fundi viatu alilichukua akazichonge nyumbani. Huyu ni mtu asiyevumilia kitu kilichokaa upande. Aliona fupi na ndefu zimelala pamoja, akaona aibu mbele ya mgeni, akazikata mikia kwa kisu cha ngozi mpaka zote zikalingana na ile fupi kabisa, kama misumari ya soli.

Siku ya darasa Mama alitia mkono sandukuni. Vidole vilipita juu ya penseli, vikarudi, vikapita tena.

"Nani amezikata?"

"Ni mimi, Mama. Kwa heshima ya mgeni."

"Umefanya vyema, baba," akasema, akachomoa moja, akapaka jani. Likatoka zambarau.

Tulitazamana. Mshonaji wa meza ya mbele alimnong'oneza fundi viatu, "Hivi wewe umewahi kuona jani la namna hiyo?"

"Mimi naona soli tu, dada. Paka kama alivyopaka."

"Na waridi la kijani je?"

"Labda halijaiva."

Tulicheka chinichini, tukapaka. Mmoja wetu alisema huo ni mtihani wa utii. Mwingine alisema ni mawingu yaliyoziba dirisha. Hakuna aliyethubutu kuuliza, na hilo ndilo kosa letu.

Tulipokwisha kutawanyika, fundi viatu alirudi kuchukua miwani yake. Alimkuta Mama dirishani peke yake, ameinua penseli mbili karibu na jicho, anazigeuzageuza kama mtu anayetafuta tofauti ya mapacha. Hakuzificha.

"Mwaka wa nne huu rangi zimeniaga, baba," alimwambia. "Ya kijani niliijua kwa ufupi wake, kwa kuwa majani ni mengi kuliko maua. Nyekundu ilikuwa ya pili. Zote nilizijua hivyo."

Fundi viatu alikaa kwenye benchi, akili yake ikirudi kwenye vipande kumi na kimoja alivyovifagia na kuvitupa jalalani.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunajua kwamba fomu uliyo nayo ina mstari wa mwalimu: aendelee, au apumzishwe.

Maombi haya tumeyaandika mara tatu. Kwanza tuliomba taa. Kisha tukaomba mwalimu wa rangi. Tukaona haya, tukaichana karatasi. Hata sasa hatujui yaombwaje, kwamba asiyeona rangi aendelee kutufundisha rangi. Tulimwomba Mama ruhusa ya kuyasema haya mbele yako. Alijibu, "Yasomeni. Ila mtu asinihurumie."

Tunachokijua ni hiki. Fundi viatu ametia mikato ya kisu mkiani mwa kila penseli: ya kijani mmoja, nyekundu miwili, njano mitatu, na kuendelea. Jana Mama alipaka jani, nalo likatoka kijani.

Kadi ndogo iliyo mbele yako haina rangi. Ameifanya yeye, peke yake. Tunakuomba, kabla ya kushika kalamu ya fomu, ufumbe macho, upitishe kidole juu yake polepole, kama anavyopitisha yeye juu ya kazi zetu. Kisha uandike ulichokiona.

Mola akurejeshe kwako kwa amani, akupe na wepesi wa kuamua. Ni sisi wanafunzi tisa wa Darasa la Karatasi, tutakaobaki chumbani humu utakaposhuka ngazi, na dua yetu ni hii:

Mola wape nuru njema, waliobaki mezani,
Na vidole vya hekima, visitoke darasani.

Amina.