Historia ya Punje, Muuza Mbolea Isiyo na Haraka

Nimeambiwa nisome mimi kwa kuwa ndimi mkubwa, kana kwamba ukubwa unarefusha shule, na shule yangu iliishia darasa la pili, kwa hiyo nikikwama mtulie, maana wasomi wa ukoo huu wote wameinamia simu zao tangu jana.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Punje, alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, kitindamimba wa mama yetu, mdogo wa mwili na mwingi wa maswali, akasoma hadi darasa la saba, na mwaka 1976 akapata kazi ya kupakua magunia katika duka la pembejeo lililo nyuma ya soko, ambako baadaye akawa muuzaji. Alioa Juni 1983, wakajaliwa watoto wanne, wote wapo hapa, na mkewe alizoea kulalamika kwamba akimtuma chumvi anarudi na mbolea.

Mwaka 2009 duka lilipoleta mbolea ya punje zenye ganda la kijani, ile inayojitoa kidogo kidogo mpaka mahindi yakomae, pamoja na zile chembe nyeupe zinazofyonza maji na kuvimba kama jeli penye mizizi, yeye ndiye aliyezunguka shamba kwa shamba kuzieleza, akiloweka chembe kwenye kikombe ili watu wajionee, na watani wake wakamwambia, "Punje, hebu jiloweke na wewe unenepe kidogo," naye akacheka huku akiendelea kuchimba mashimo ya kuzifukia.

Kikundi cha wakulima kilimwamini, kikanunua mbolea ya msimu mzima, magunia yakawekwa kwa shemeji yetu mwenye mashine ya kusaga, mume wa dada yetu wa katikati. Baada ya mvua ya kwanza, mahindi ya kikundi yaliungua majani kama yamemwagiwa maji ya moto, ya Punje peke yake, aliyekuwa ameweka gunia lake nyumbani, yakabaki ya kijani, na hapo watu wakaona wazi kwamba amejiwekea nzuri na kuwauzia mbovu, wakamwita tapeli mlangoni kwake, duka likamwachisha kazi, mkewe akawa anafuata mboga soko la mbali ili asitazamwe. Punje alifukua udongo wao kutafuta maganda matupu ambayo mbolea hiyo huyaacha, hakuona hata moja, akamuuliza shemeji kama magunia yaliguswa, akajibiwa, "Mimi nasaga mahindi, shemeji, usinitafutie kesi." Tangu hapo, kila mgeni aliyefika kwake, hata aliyekuja kuazima jembe tu, aliambiwa kwanza kwamba mwenye nyumba hii hakudanganya mtu.

Agosti mwaka jana figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara mbili, na alipokuwa amerudi nyumbani, shemeji akaamua kung'oa mashine yake ya zamani, dada yetu akafagia chini ya ubao iliposimama, akakuta vumbi la mbolea lililoganda na vipande vya maganda ya kijani vilivyosagika, akavifunga kwenye pindo la nguo, akaenda navyo hadi kitandani kwa ndugu yake, mumewe akimfuata nyuma kama mbuzi wa kuazimwa. Punje alivitazama, akasema, "Ulilivunja ganda." Shemeji akakiri kwamba aliiona mbolea ina uvivu, akaisaga ili ifanye kazi upesi, nguvu ya msimu mzima ikatoka kwa mvua moja, na alipoona majani yameungua akaogopa kusema.

Akatoa shamba lake la bondeni kama fidia, Punje akamwambia, "Nitalilimia wapi, shemeji, humu kitandani?" Alitaka jambo moja tu, shemeji aseme mbele ya watu wale wale waliomwita tapeli, shemeji akaomba muda, akapewa, akajiongezea mwenyewe, mpaka Punje akafariki alfajiri ya Jumanne iliyopita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani walioleta mabenchi na maturubai, na wafanyakazi wa duka, ambao wamekuja ingawa duka lao lilimfukuza. Mdogo wangu, umechoka vya kutosha, lala salama.

Limebaki agizo lake, kwamba jeneza lisishushwe kabla shemeji hajalipa, na wanakikundi naona mmefika wote. Shemeji, simama, sogea huku mbele, useme kwa sauti, wa nyuma nao wasikie.