Pak Wagiyo Aacha Muhuri, Avuka Daraja

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Pak Wagiyo, mtunza muhuri wa dirisha la tatu katika Ofisi yetu ya Vibali vya Biashara, alistaafu rasmi tarehe 30 Aprili. Muhuri ameuacha salama. Haujachakaa hata kidogo, maana haukutumika ovyo.

Alianza akiwa karani kijana mwenye mwandiko mzuri, akapanda hadi kukabidhiwa funguo za droo. Ndiye aliyesimamia ile barua ya majirani: anayetaka kufungua kiwanda, hata cha sufuria mbili, alete saini za majirani wote kwamba moshi na harufu haviwasumbui. Jirani akifariki, zinatakiwa saini za warithi. Kwa kugundua jirani aliyesahauliwa, hakuna aliyemfikia. Mkoa ulitupa cheti cha utaratibu bora mara tatu.

Bu Lasmi, mjane wa mtaa wa sokoni, alitaka kuchemsha soya atengeneze tempe, ule mkate wa soya iliyochachushwa. Alikuja kwetu miaka sita. Kila akifika, Pak Wagiyo alimpa kiti, akamwagizia chai, kisha akamwambia kwa upole, "Bado saini moja tu, Bu." Mwaka wa saba mama wa watu alibeba masufuria yake akavuka daraja hadi wilaya jirani. Kule kibali kilitoka kabla chai haijapoa. Mto ni uleule, soya ileile, watu walewale. Leo vijana wetu mia na ishirini huvuka kila asubuhi kwenda kumfanyia kazi, na Ngatini, binti yake Pak Wagiyo, ndiye msimamizi wa zamu. Sisi huku tunayo makabati mapya ya mafaili.

Siku ya hafla ya kumuaga, tempe ilitoka kwa nani? Kwa nani tena! Bu Lasmi aliileta mwenyewe. Pak Wagiyo akakata kilele cha mnara wa wali wa manjano wa sherehe, ambacho kwa desturi hupewa mkubwa. Mkuu wa ofisi alishatanguliza sahani. Pak Wagiyo akampita, akampa Bu Lasmi.

"Nile tu hivi hivi, Pak," akauliza mama, "au kwanza nikalete saini za majirani?"

Watu walivunjika mbavu. Pak Wagiyo machozi yalimtoka. "Nisamehe, Bu. Miaka yote nilidhani nawalinda majirani."

"Majirani walikuwa na njaa, Pak. Haya, tule."

Jumatatu Pak Wagiyo alirudi dirisha la tatu, safari hii upande wa nje, kuomba kibali cha kibanda cha tempe ya kukaanga. Aliyemrithi alimpa kiti, akamwagizia chai. Ilikuwa bado saini moja tu. Pak Wagiyo alimaliza chai yake, akaaga, akavuka daraja.

Pak, asante kwa yote, hata kwa chai. Mungu akupe afya, na karai lako lisikose wateja huko ng'ambo. Ukionana na Bu Lasmi, tafadhali niulizie kama anahitaji karani. Mwandiko ninao, na muhuri nitauacha huku.