Nahodha Rozenn na Boti Isiyokoroma

Na ndiyo maana, kama nilivyokuwa nikiwaambia pale kwenye mashine ya kahawa, Rozenn Le Bihannic hawezi kuagwa kwa keki ya siagi na makofi peke yake. Tarehe 14 Juni anastaafu baada ya kutumikia kiwanda chetu cha boti hapa Lorient kwa miaka thelathini na minne, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo amekuwa nahodha wa majaribio. Hakuna katamarani, yaani boti ya miili miwili, hata moja iliyotoka hapa kwenda kuzunguka dunia kabla yeye hajaipeleka baharini, akaichokoza, akaikasirisha, kisha akaitia sahihi.

Alizaliwa ng'ambo tu ya maji yetu, kisiwani Groix, akaanza kazi akiwa mpiga msasa, mweupe kwa vumbi kama mwokaji mikate. Wakubwa waligundua kwamba kila boti aliyoigusa alijua itaumwa wapi. Wakampa usukani.

Wageni hushangazwa zaidi na jinsi anavyopima vyumba vya kulala. Boti ikishika mwendo, Rozenn huvua viatu, hulala kwenye kitanda cha mwenye boti, hufumba macho na kusikiliza. Niliposhona mito yangu ya kwanza hapa, nilimkuta amelala hivyo nikadhani anaumwa. "Toka, mtoto," akaniambia bila kufumbua macho. "Niko kazini." Aliwahi kurudisha boti nzima karakanani kwa sababu ya mlango wa kabati uliolalamika kila wimbi lilipopita.

Zilipokuja katamarani za umeme, zenye mota mbili, betri kubwa na jenereta ya akiba, Rozenn hakuzipenda. "Boti isiyolia ni kama mume asiyekoroma," alisema mkutanoni. "Kila saa unaamka kumgusa kama bado mzima." Tulicheka hadi machozi. Bastien, fundi wetu wa betri, ambaye tangu Aprili ni mume wangu mpenzi, hakucheka sana. Lakini kumbukeni kwamba huyohuyo Rozenn ndiye aliyesimama shahidi wetu wa ndoa mbele ya meya, amevaa gauni la bluu na viatu vya baharini.

Boti yake ya mwisho ilikuwa ya Madam Aebischer, mjane kutoka Uswisi anayetaka kuishi majini. Jaribio lilipangwa asubuhi, sahihi mchana, na jioni sherehe ya kumuaga. Meza zilikuwa zimeshatandikwa. Nami nilikuwemo botini, nikirekebisha mapazia.

Hatujafika mbali, Bastien akafungua kikapu cha chakula. Rozenn akauliza mkate una nini. Mume wangu, mtu wa bara, mzaliwa wa Limoges, akajibu kwa fahari, "Nyama ya sungura, Nahodha! Kaiandaa mama."

Mabaharia wawili wakaganda. Kwetu mabaharia mnyama huyo ni mkosi, hapandi botini na jina lake halitajwi; ikibidi sana, husemwa "yule wa masikio marefu".

"Bwana harusi," Rozenn akasema polepole, "umemleta, na umemwita kwa jina."

"Nahodha, ni mkate tu!"

"Basi utakula mkate wako gatini."

Akageuza boti. Kikapu kikashushwa, mlinzi wa geti akapata chakula cha mchana cha kifalme, nasi tukatoka tena tumechelewa. Kumbe upepo wa mchana ulikuwa umeshaamka. Matanga yakajaa, jenereta na mota zikazimwa, na maji yakaanza kuzungusha rafadha, zile pangaboi za chini, zikirudisha umeme kwenye betri. Bastien alishangilia namba zilipopanda. Rozenn akavua viatu, akashuka kulala.

Alikaa sana huko. Madam akamfuata, nami nikachungulia. Niliwaona wanawake wawili wenye mvi wamelala kitanda kimoja, wamefumba macho.

"Mimi sisikii kitu," akasema Madam.

"Weka sikio kwenye mto."

Madam akageuza kichwa, akanong'ona, "Kama nyuki?"

"Kama nyuki. Usiku wa kwanza ni nyuki. Usiku wa kumi utataka kuichoma boti."

Gatini Madam alikuwa tayari kusamehe. Mkurugenzi naye alisihi, "Rozenn, watu wanakusubiri, chupa zimefunguliwa. Weka sahihi, tutarekebisha wiki ijayo."

"Wiki ijayo sitakuwepo," akajibu. "Jina langu ndilo litakuwepo. Fungeni chupa."

Ndivyo alivyovunja sherehe yake mwenyewe na kuahirisha kustaafu kwake hadi hiyo tarehe 14. Mafundi walikuta mpira unaozuia mtetemo kwenye ekseli ya rafadha ya kushoto umefungwa kinyume, wakaugeuza. Katika upepo hafifu wa asubuhi, jenereta ikinguruma, tusingeujua kamwe. Mtu alipomtania kwamba sungura ndiye kaiokoa boti, Rozenn alimkata jicho hadi akaomba radhi.

Tukatoka tena upepo ulipokuwa mkali kama siku ile. Rozenn akalala, akasikiliza. Akarudi juu. Alishika usukani na kututazama tu. Boti ilikuwa ikikata mawimbi kama inavyokatwa hariri, bila hata mngurumo, na betri zikijaa kwa upepo mtupu. Ndipo tukasikia pumzi. Si zetu. Pomboo walikuwa wamekuja baina ya miili miwili ya boti, wengi, wakipumua karibu nasi hivi kwamba tuliona matundu yao yakifunguka. Miaka yote hiyo, injini zilikuwa zikituficha sauti hiyo. Bastien alinishika mkono. Rozenn alivua kofia.

"Sasa huyu," akasema, "hata akinyamaza najua mzima."

Akatia sahihi palepale, karatasi juu ya goti. Madam Aebischer akambusu mashavu yote mawili, na mabaharia wakageuka kutazama upande mwingine, wakijifanya wana kazi.

Rozenn, asante kwa kila boti uliyoikatalia sahihi kwa faida yetu. Asante kwa kutufundisha kusikiliza kabla ya kushangilia. Nenda ukapumzike Groix. Bahari ikubembeleze, wala kabati lako lisipige kelele hata siku moja. Bastien nami tutavuka kuja kukuona kabla Juni haijaisha. Kikapu nitakipakia mwenyewe: jibini, siagi ya chumvi na mkate mtupu. Na Bastien nitamkagua hadi mifukoni.