Kamera Kwenye Mzinga wa Baba

Wasikilizaji wapendwa, salamu kwenu nyote. Mlioko Skuta mkianua nguo kabla mvua haijarudi, mlioko Gakindu mkichambua kahawa, nanyi wa Nanyuki mliowasha redio dukani, vuteni viti. Leo tunamkumbuka Theuri wa Gatimu. Alikuwa mkulima wa viazi, mlinzi wa msitu wa kujitolea, mume wa Phyllis na baba wa Wendy. Alizikwa Alhamisi iliyopita nyumbani kwake, juu ya Kiganjo, pale mashamba yanapoishia na fensi ya stima ya msitu inapoanza.

Theuri aliuawa na nyuki. Nalisema mapema, mtu asije akasema nilimzungusha. Aliuawa na nyuki wa mzinga wa baba yake mwenyewe, na alikuwa amepanda kwenda kutoa kamera. Habari hii si tamu, na wengine wenu mtakasirika kabla sijamaliza. Kasirikeni, lakini msizime redio.

Phyllis anakumbuka siku za uchumba. Vijana wengine walileta leso na soda. Theuri alimletea mwiba wa nungunungu, mrefu, mweupe kwa mweusi, ameufunga kwa gazeti. Dada zake Phyllis walicheka hadi wakakaa chini. Mwiba huo bado uko kwenye dirisha la jikoni, na Phyllis huutumia kugawanya nywele za Wendy. Mwanamume huyo, anasema, hakuwa na macho ya nyumbani. Ungemtuma maji mtoni, akae huko akiangalia unyayo kwenye matope, kisha arudi na mtungi nusu kukuita uje uone chui alipokunywa.

Sasa niwaambie kuhusu mizinga, maana bila mizinga hamtaelewa kitu. Babake Theuri, Mzee Gatimu, alikuwa mfuga nyuki. Aliacha mizinga saba ya magogo msituni, mwatu kama tunavyoiita huku kwetu. Kila mzinga aliuchonga alama yake mbele, mikato mitatu kama unyayo wa kuku. Na nyinyi wa huku mnajua: mzinga wa mtu hauguswi. Utaiba kuku. Utaiba mahindi shambani, Mungu akusamehe. Lakini mzinga wenye alama ya mtu, hata ukiwa mtupu, hata mwenyewe akiwa ameshakufa, utapita chini yake na kwenda zako. Mizinga ya Mzee Gatimu ilikaa mitupu miaka mingi baada ya yeye kufa, na hakuna aliyeigusa.

Kisha wakaja watafiti na kamera. Mtafiti mwenyewe alikuwa binti mmoja, Anita, mzaliwa wa mjini, mpole, mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Kamera zenyewe ni visanduku vidogo vya kijani. Unafunga kwenye mti, unaondoka. Kiumbe chochote chenye joto kikipita mbele yake, inapiga picha yenyewe, mchana na usiku. Anita alitaka kujua kama bongo bado wapo kwenye msitu wetu, yule mnyama mwekundu wa mistari myeupe ubavuni ambaye wazee wengi walikufa bila kumwona. Kikundi cha walinzi wa kijiji kikapewa kazi, na Theuri akawa mkubwa wao.

Kamera ziliibiwa. Wakafunga zingine, zikaibiwa. Wakazipaka matope, wakazifunika na majani, zikaibiwa vilevile, maana wanaoingia msituni kukata miti na kutega wanyama pia wana macho. Theuri alikosa usingizi. Siku moja akiwa anakula githeri aliweka kijiko chini na kumwambia Phyllis kwamba amepata mahali ambapo hakuna Mgikuyu atakayetia mkono. Phyllis alielewa mara moja. Alimuuliza kama ana hakika. Theuri alisema mizinga ile ni mitupu, ni ya baba yake, na yeye ndiye kifungua mimba.

Basi akaziweka humo. Kamera ndani ya mzinga, jicho lake kwenye tundu la kuingilia nyuki. Wasikilizaji wapendwa, hakuna hata moja iliyoibiwa tena. Walipata chui. Walipata nguruwe wa msitu. Na walipata bongo, mama na ndama wake, wamesimama kwenye ukungu. Anita alilia kwa furaha. Picha ile ilitundikwa ukumbini kanisani, na Theuri alisalimiwa na watu ambao hawakuwa wakimsalimia.

Kulikuwa na sheria moja, na aliyeiweka ni Theuri mwenyewe. Kadi ya kamera haifunguliwi na mtu peke yake. Inafunguliwa Jumapili baada ya ibada, pale ukumbini, mbele ya kikundi chote, ili mtu asije akafuta picha ya shemeji yake. Ni sheria nzuri. Mimi pia ningeiweka.

Jumapili moja Phyllis alikuwa akimimina chai. Anakumbuka birika lilikuwa zito. Kwenye skrini ilipita nyani, akapita nungunungu, watu wakamtania Theuri kuhusu ule mwiba wa uchumba. Kisha akatokea mtu. Begani alikuwa na mbawala aliyekufa, mkononi nyaya za kutegea. Na uso wake ulikuwa umeinuka, unatazama kamera moja kwa moja, picha safi kama ya kitambulisho. Alikuwa Simeon, ndugu mdogo wa Theuri, tumbo moja, waliolala kitanda kimoja hadi Theuri alipooa.

Phyllis aliendelea kumimina hadi chai ikamwagika mezani. Theuri alisimama, akasema, "Huyo ni Simeon. Ni ndugu yangu. Andikeni." Askari wa wanyamapori walimchukua Simeon kesho yake, na mahakama ikamfunga miezi kadhaa.

Alipotoka jela, Simeon hakwenda kwake. Alipitia kwa Phyllis, akasimama mlangoni, akakataa kuingia. Hakulalamika kuhusu jela. Alisema alitega, alijua ni makosa, na aliyeshikwa ameshikwa. Kisha akasema maneno ambayo Phyllis ametuomba tuyaseme jinsi yalivyo.

"Shemeji, unajua kwa nini niliangalia juu? Nilikuwa naangalia alama ya baba. Kila nikipita hapo lazima niiangalie. Sasa ati Theuri alikuwa ananichungulia kutoka huko ndani?"

Akaenda. Alihamia Gatitu, akaanza kutengeneza viti na meza kando ya barabara. Theuri alimfuata huko na gunia la viazi. Viazi Simeon alichukua. Kiti hakutoa.

Kijijini nako mambo yaliharibika. Kwenye mkutano, Monicah, mama anayeokota kuni msituni tangu akiwa msichana, aliinua mkono. Aliuliza mwanamke akibanwa huko msituni na kuchuchumaa, hiyo picha huenda wapi. Theuri alijibu kwamba picha za namna hiyo hupitishwa haraka. Monicah akamwangalia.

"Kwa hivyo ziko," akasema.

Phyllis alikuwa amekaa nyuma, na anasema aliona aibu iliyomfanya atake kuvua pete. Yeye mwenyewe huenda kuni kule. Usiku ule hakuongea na mume wake, wala kesho yake.

Baada ya hapo watu wakaanza kuvunja mizinga. Si ya Mzee Gatimu peke yake. Mzinga wowote walioufikia. Kitu ambacho hakijawahi kufanyika, kikafanyika, maana sasa nani angejua upi una nyuki na upi una jicho? Mzee Mburu, jirani yao, hakuwahi kuona kamera hata moja maishani. Mizinga yake ilipasuliwa kwa shoka, asali ikamwagika kwenye majani, siafu wakamaliza iliyobaki. Mzee alibeba kifuniko kimoja chenye alama yake, akakiweka kwenye geti la Theuri na kwenda zake. Kile kifuniko kilimvunja Theuri kuliko kesi ya ndugu yake. Phyllis alimkuta amekaa zizini, amekipakata magotini, ng'ombe hajakamuliwa.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani, akaomba msamaha, akaahidi kutoa kamera zote kwenye mizinga. Na alitoa. Alitoa sita. Ule wa saba, ule ambao Simeon aliutazama, hakuugusa. Alisema kamera ya huo wataitoa wawili, yeye na Simeon, au haitatolewa. Betri za kamera zikafa. Mvua kubwa ikaja, ikapita. Theuri hakupeleka mguu pale, akimngoja ndugu yake.

Kumbe wakati yeye anangoja, kundi la nyuki lilikuwa likitafuta nyumba.

Wiki tatu zilizopita simu ya Phyllis ililia. Alikuwa Simeon. Alikuwa amesikia habari ya Mzee Mburu na ile ahadi ya kanisani. Akasema angekuja Jumamosi, washushe hiyo kitu pamoja. Phyllis anasema Theuri alipoambiwa alifua koti lake mwenyewe, na huyo si mtu aliyewahi kufua koti.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na ukungu na manyunyu, siku ya nyuki kukaa ndani kimya. Theuri hakuweza kutulia. Aliona afadhali awahi, aitoe ile kamera, ili Simeon akifika asione tena lile jicho, akute mzinga mtupu wa baba yao, waushushe, waupanguse tu na kuurudisha juu. Akabeba ngazi.

"Mama Wendy, pika chai ya watu watatu. Narudi sasa hivi."

Phyllis alimuuliza, "Na moshi?"

Theuri alicheka. "Moshi ya nini? Ni kamera."

Huyu ni mtoto wa mfuga nyuki, wasikilizaji wapendwa. Mtu aliyejua kuwasha moshi wa kutuliza nyuki kabla hajajua kusoma. Alipanda bila moshi na kutia mkono ndani ya mzinga.

Simeon alichelewa. Alishuka Kiganjo mapema, lakini akaingia kibanda cha chai. Ametuambia mwenyewe, akiangalia chini, kwamba alikunywa kikombe, akaagiza kingine ambacho hakukitaka, kwa sababu aliogopa kuonana na ndugu yake. Alipofika nyumbani, chai ya Phyllis ilikuwa imeshapoa mara mbili. Wakaangaliana. Simeon akaanza kukimbia kuelekea msituni.

Alimkuta chini ya ngazi. Aliwasha moto kwa maganda ya mti, akarusha majani mabichi, akaingia kwenye moshi na koti kichwani, na kumbeba mgongoni hadi kwenye fensi. Theuri alikuwa akipumua. Pikapu ya jirani iliwachukua. Hospitali hawakuifikia. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwa Phyllis, na uso ulikuwa umevimba kiasi kwamba, anasema, alimtambua kwa mikono tu.

Siku ya mazishi vijana walikuja na petroli. Walitaka kuuchoma ule mzinga, nyuki na kila kitu. Simeon, mwenyewe bado amevimba macho, alisimama mbele yao. "Msiguse. Ni mzinga wa baba. Wenyewe wamerudi." Wakaweka petroli chini. Anita naye alikuja, bila buti safari hii, akakaa na akina mama. Alituambia kwamba siku Theuri alipomweleza wazo lile, yeye alipiga makofi, na hakuuliza mzinga ni nini kwa watu wa huku. Kamera hakuiomba. Bado iko mle ndani. Simeon alienda na moshi wa kutosha, akachungulia, na anasema nyuki wameshaifunika kwa nta, jicho na yote.

Kwa Phyllis, kwa Wendy, kwa Simeon, kwa ukoo wote wa Mzee Gatimu, kipindi hiki kinawapa pole. Pole sana. Mungu awashike mahali ambapo sisi hatuwezi kuwashika. Kwako pia Mzee Mburu, pole kwa mizinga yako. Tumesikia Simeon ameanza kukuchongea mingine.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Siku hizi kila mtu ana jicho amelificha mahali. Dukani, getini, shambani, chumba cha mtoto, msituni. Pengine una sababu nzuri. Theuri alikuwa na sababu nzuri, na ndama wa bongo yuko hai hadi leo kwa sababu yake. Lakini umelificha ndani ya nini? Ndani ya kitu gani ambacho watu walikuwa wanakiamini? Nenda ukakiangalie tena leo, kungali mchana.

Kabla ya kuondoka pale nyumbani tulimuuliza Phyllis angependa tuwaambie nini. Alikuwa akizungusha ule mwiba wa nungunungu vidoleni. Vikombe vitatu vilikuwa mezani, na sisi tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Simeon alikuwa nje akipasua kuni.

"Waambie alikuwa mtu mzuri," akasema. "Na waambie mimi niliuliza moshi. Niliuliza."